Tunaangalia, tunalia, halafu tunarudi nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Pasua hapa Moshi, nina watoto watatu na nauza mitumba soko la Memorial. Pia ni katibu wa kikoba chetu, tuko wanawake 22. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni kwa mwenzetu mwenye sebule kubwa: tunanunua hisa, tunapokea marejesho, daftari linasomwa, kila mtu anashika njia yake. Ilikuwa hivyo miaka yote mpaka masika ya mwaka jana.

Siku hiyo mvua ilitufungia ndani. Binti yangu anayesoma chuo alikuwa likizo na alikuwa na projekta ya kuazima. Akatundika shuka jeupe ukutani, akatuwekea filamu ya Kenya inaitwa Supa Modo. Inamhusu msichana wa miaka tisa, Jo, mwenye ugonjwa usiopona, anayependa sana muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini amalizie siku zake nyumbani, na anataka mtoto atulie kitandani. Dada yake hakubali. Anawashawishi wanakijiji mpaka wote wanashirikiana kumfanya Jo aamini kwamba kweli ana nguvu, na mwisho wanatengeneza filamu ambayo shujaa wake ni yeye.

Mwanzoni kina mama walikuwa wanachambua mchicha na kupiga soga. Kufika katikati, sebule nzima kimya. Ilipoisha, mwenzetu mmoja ambaye kwenye vikao huwa anasema "nimelipa" na "nimepokea" basi, akaanza kuongea. Tukajua siku hiyo kwamba anamuuguza mama mkwe wake aliyepata kiharusi, anamgeuza, anamlisha, anamfulia, na hajawahi kulala usiku mzima tangu yule mama aletwe kutoka Kibosho. Tulikuwa tunakaa naye kila wiki na hatukujua. Wengine nao wakafunguka. Tuliondoka saa mbili usiku, macho mekundu, lakini kila mtu mwepesi.

Tangu hapo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaangalia filamu moja. Tumeshaangalia Yesterday ya Afrika Kusini, na Dear Zindagi ya Kihindi, binti yangu akitutafsiria maandishi ya chini.

Sasa matatizo. La kwanza, waliokosa Supa Modo waliomba irudiwe. Siku ya kurudia alikuwepo mwanachama mpya, mama aliyehamia kutoka Rombo. Katikati ya filamu akasimama, akachukua kanga yake, akatoka bila kuaga. Baadaye ndipo tukasikia kwamba alimzika mtoto wake kwa kansa ya damu. Sasa haji kabisa. Hisa zake anamtuma kijana wake alete, na mimi nikikutana naye njiani ananisalimia huku anatembea.

La pili, mweka hazina wetu amesema mbele ya watu kwamba kikoba kimegeuka banda la video. Anasema marejesho yanachelewa na watu wanakuja kwa ajili ya sinema. Baba watoto naye nikirudi usiku ananiuliza leo mmelizwa na nani. Shangazi, kilichoniuma zaidi alikisema mwenzetu mwingine, tena kwa upole: "Tunaangalia, tunalia, halafu tunarudi nyumbani kupika." Nilikosa jibu, kwa sababu yule anayemuuguza mama mkwe mpaka leo halali.

Mimi mwenyewe filamu zinanisaidia sana. Nikichoka na soko, naangalia kwenye simu peke yangu mpaka saa saba, saa nane usiku, ndiyo moyo unatulia. Mwaka jana kwenye upimaji wa bure niliambiwa presha yangu iko juu, kituo cha afya wakanipa dawa, zikaisha, nitarudi mambo yakitulia. Ila hilo silo ninaloulizia.

Ninachouliza ni hiki: niache hizi filamu kikoba kirudi kama zamani? Nisipoacha, nichague filamu za namna gani? Na huyu mwenzangu wa Rombo nimfanyeje?

Katibu, Pasua, Moshi

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa majukumu.

Presha umesema siyo unayoulizia, lakini mimi naanza nayo, na utanisamehe. Mwenzenu anamuuguza mama aliyepata kiharusi. Presha iliyopanda na kuachwa bila tiba ni moja ya sababu kubwa kabisa za kiharusi, na ubaya wake haiumi. Mtu anafungua robota la mitumba, anapika, anacheka na wateja, kumbe mishipa inaumia. Kujisikia mzima baada ya dawa kuisha si ushahidi kwamba umepona. Kwa watu wengi dawa za presha ni za kila siku kwa muda mrefu, na wa kuzipunguza au kuzibadilisha ni daktari.

Kwa hiyo usisubiri mambo yatulie. Wiki hii nenda Kituo cha Afya Pasua. Ukifika, kaa kwenye benchi dakika tano kabla hujapimwa, usiwe umetoka kunywa kahawa au kukimbizana na bodaboda, na uwaambie wazi kwamba dawa ziliisha na hukurudi. Hawatakula. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ukirudi siku nyingine ikasoma hivyo tena, ujue bado unayo. Usiende duka la dawa kununua kwa kukumbuka rangi ya kidonge. Na siku yoyote ukipata kichwa kikali cha ghafla, kifua kikabana, macho yakaona giza, mkono au mguu wa upande mmoja ukafa ganzi, au mdomo ukaenda upande, hapo ni hospitali, Mawenzi au KCMC, saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Filamu za saa nane usiku nazo zihamishe. Sikukatazi kuangalia. Najua mama mwenye watoto na meza ya sokoni hana saa nyingine ya peke yake, na hiyo saa ni haki yako. Lakini kukosa usingizi kila siku kunachangia presha kupanda, na anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda Memorial akiwa amelala saa tatu tu hajajitunza, hata kama filamu aliyoangalia ilikuwa inafundisha kujitunza. Angalia nusu leo, nusu kesho. Simu ikae chumba kingine.

Sasa kikoba. Usiache.

Mwenzenu aliyesema mnalia halafu mnarudi kupika hakuwatukana. Ameweka kidole mahali penyewe. Filamu nzuri inamfanya mtu aseme lililokuwa limemkaa kooni, na hiyo peke yake ni kazi kubwa. Mmekaa na yule mama kila wiki bila kujua mzigo alionao, na msichana mdogo kwenye shuka jeupe akamfungua kinywa. Lakini baada ya kinywa kufunguka inatakiwa mikono ifuate. Watu wa huko kwetu milimani wanajua maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, hayaingii kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, yenyewe. Yana zamu, yana wa kufungua na wa kuziba. Machozi ya Jumamosi nayo yanataka mtu wa kuyaelekeza, na katibu ndiye wewe.

Muulize mzee yeyote hapo mtaani kuhusu Mtu ni Afya. Mwaka 1973, Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya afya kwa wiki 12, na watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwa vikundi kuvisikiliza. Hawakusikiliza tu wakatawanyika. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Redio ikinyamaza wanajadili: hapa kwetu tatizo hili lipo? Tufanye nini? Kisha wanakwenda kufanya, wanachimba vyoo, wanafukia madimbwi, wanafyeka majani yanayozunguka nyumba. Redio yenyewe haikuchimba choo hata kimoja. Kilichochimba vyoo ni ule mjadala wa baada ya kipindi, na kule kuambiana nani anafanya nini kabla watu hawajainuka.

Nakushauri mfanye hivyo hivyo. Filamu ikiisha, washeni taa, mtu apite na chai, mpumue kidogo. Usianze kwa kuuliza "tumejifunza nini", maana hapo kina mama wanakuwa wanafunzi na majibu yanakuwa ya darasani. Uliza: nani kati ya watu wa kwenye filamu umemuonea huruma, na kwa nini? Watajibu kuhusu yule mtu, na humo humo watakuwa wanajisemea wenyewe. Waache wamalize, usiharakishe, na asiyetaka kusema asilazimishwe. Mwisho kabisa uliza swali moja tu: kuna kitu kimoja tunaweza kufanya kabla ya mwezi ujao, kwa ajili ya mmoja wetu? Kiwe kimoja, chenye jina la mtu na siku, na uandike kwenye daftari lile lile la hisa. Mwezi unaofuata kisomwe pamoja na marejesho.

Huyo anayemuuguza mama mkwe ndiye awe wa kwanza. Fikiria filamu yenyewe mliyoangalia. Mama yake Jo anampenda mtoto wake kuliko mtu yeyote pale kijijini, na kwa upendo huo huo anataka kumbeba peke yake, ndani, mlango umefungwa. Dada ndiye anayetoka nje kuomba watu, na watu wanapewa kila mmoja sehemu ndogo anayoiweza. Hakuna aliyemponya Jo. Hata hivyo hakuna aliyebaki peke yake.

Nyinyi mko 22, ukimtoa yeye mnabaki 21. Mkichukua usiku mbili tu kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, kila mmoja zamu yake inamrudia baada ya wiki kumi hivi. Hiyo si nyingi kwa yeyote, na mwenzenu anapata usiku mbili za kulala mpaka asubuhi. Lakini muulizeni yeye kwanza, tena faragha. Huenda hataki wageni usiku, anataka mtu wa kukaa na mgonjwa Jumatano mchana ili aende sokoni, au aende kanisani akae tu kwenye benchi asiitwe na mtu. Huenda bibi mwenyewe anaona haya kugeuzwa na watu asiowajua. Muda mzuri ni ule anaousema yeye.

Atakayekwenda zamu afundishwe. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya mgongoni na makalioni. Unapomgeuza, angalia ngozi ya kiuno, visigino na viwiko kama imebadilika rangi. Alishwe akiwa ameketishwa wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mara tu baada ya kula, maana chakula kinaweza kumpalia na kuingia mapafuni. Ukimpikia mtori uwe laini bila mapande ya nyama. Haya yote mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuja kuwaonyesha kwa vitendo, na hospitali wana wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaoweza kumfundisha mwanafamilia mazoezi ya nyumbani. Naongeza jambo moja ambalo huwa halisemwi: mume wa huyo mama ndiye mtoto wa mgonjwa, na ana ndugu. Nao wana mikono. Kikoba kisaidie, kisiwe sababu ya wanaume wa nyumba ile kukaa pembeni kabisa.

Nije kwa mwenzako wa Rombo. Hapa nenda polepole.

Hakukasirika na filamu wala na wewe. Aliketi kwenye sebule ya watu ambao bado hajawazoea, taa zimezimwa, akaona mtoto anayekufa, na hakuna aliyemwambia kabla kwamba ndicho kitakachoonyeshwa. Kumpoteza mtoto hakuna tarehe ya kuisha. Kule kutoka nje ilikuwa namna yake ya kujihifadhi, na alifanya vizuri.

Nenda kwake, wewe peke yako, msiende kama ujumbe wa kikoba. Usiende Jumamosi. Chukua chochote ambacho ungechukulia jirani, ndizi au sukari, ukae. Mwambie: "Nimekuja kukupa pole. Sikujua habari za mwanao, na filamu ile tungekueleza mapema ilikuwa inahusu nini." Kisha nyamaza. Akitaka kumtaja mtoto, muulize jina lake na umsikilize. Wengi waliofiwa na watoto watakuambia kinachowaumiza ni watu kukwepa kumtaja, kama vile hakuwahi kuwepo. Akitaka kuongea habari za bei ya mahindi, ongeeni bei ya mahindi. Usimwambie ana bahati ana wengine, wala kwamba ni mipango ya Mungu, hata kama wewe unaamini hivyo. Hilo aliseme mwenyewe akipenda. Usimwombe arudi siku hiyo. Rudi tena baada ya wiki chache.

Kitu kingine umwangalie bila kumchunguza. Kama halali, hali, haogi, haendi popote, hakuna kinachompa raha, na hali hiyo inaendelea zaidi ya wiki mbili bila kupungua, au akisema maneno ya kutotaka kuishi, huo si wakati wa filamu wala wa ushauri wa kikoba. Msindikizeni kituo cha afya, wao watampa rufaa kwa wahudumu wa afya ya akili. Akisema maneno ya kujiua msimwache peke yake hata saa moja, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuanzia sasa iwe desturi: kabla ya filamu yoyote, eleza kwa sentensi mbili ina nini ndani. "Leo kuna mtoto mgonjwa na anafariki." "Leo kuna mwanaume anampiga mkewe." Sema pia kwamba anayetaka kukaa jikoni kuandaa chai akae, hakuna atakayemuuliza. Utamu wa hadithi hautapungua. Na lazima wewe au binti yako muwe mmeiangalia yote kabla, mpaka mwisho.

Umeuliza za kuchagua. Yesterday mlishaiangalia, lakini natamani mngeirudia kwa jicho jingine. Ni filamu ya mwaka 2004 kuhusu mama mwenye virusi vya UKIMWI, imechezwa kwa Kizulu, na ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Tazama ile safari ya zahanati. Mama anatembea mbali na mtoto wake mkononi, anafika anakuta foleni, foleni inakatwa kabla hajafikiwa, anaambiwa arudi wiki nyingine. Hapo simamisheni mjadala mrefu, kwa sababu ndipo afya ya wanawake wengi inapopotelea, kwenye foleni na nauli. Wewe mwenyewe uliyeishiwa dawa unaijua. Baadaye mume anarudi kutoka migodini akiwa mahututi, kijiji kinamuogopa, na yule mama anamjengea kibanda nje ya kijiji amuuguzie huko. Ila wanachama waambieni wazi kwamba ile ni hadithi ya kabla ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hazijawafikia watu kama wale. Hapa kwetu dawa hizo hutolewa bure, na mtu anayezitumia vizuri mpaka virusi vikawa havionekani kwenye kipimo haambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Msiposema hilo, mtu atatoka kwenye sebule yenu akiamini kwamba kupima ni kutafuta hukumu ya kifo, na filamu itakuwa imefanya kinyume cha kazi yake.

Dear Zindagi imewafaa, naamini. Binti wa kazi nzuri, hana njaa, hana ugonjwa unaoonekana, na bado halali. Anakutana na daktari wa akili anayechezwa na Shah Rukh Khan. Kwa kina mama waliolelewa kuambiwa kwamba mawazo ni ya watu wasio na kazi, kumuona mtu wa namna ile anatafuta msaada ni jambo kubwa. Tatizo langu na ile filamu ni kwamba daktari anatembea naye ufukweni Goa na muda wote ni wake. Hapa Moshi msaada unaanzia kwa muuguzi wa kituo cha afya mwenye wagonjwa wengine mlangoni, na unaweza kuanzia hata kwa mchungaji au mama mzee anayejua kutunza siri. Semeni hivyo, mtu asikate tamaa kwa kukosa ufukwe.

Lakini mwanangu, orodha yenu ni nzito mno. Mtoto anayekufa, mama anayekufa, binti asiyelala. Mtu anayeuguza nyumbani hahitaji kila mwisho wa mwezi kuonyeshwa mgonjwa mwingine. Wekeni furaha katikati. Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, inamhusu Phiona Mutesi, binti aliyekuwa akiuza mahindi katika kitongoji cha Katwe, Kampala, akajifunza mchezo wa chesi kwa mwalimu Robert Katende mpaka akashindana nje ya nchi. Mama yake anachezwa na Lupita Nyong'o, na kila mama wa Pasua atamjua: mkali, mwoga kwa ajili ya watoto wake, asiyetaka ndoto zimwangushe binti yake. Hiyo aleteni na watoto. Kucheka pamoja ni sehemu ya afya, na hamhitaji mada yoyote ya kujadili siku hiyo.

Na ipo moja ningependa uiangalie wewe, kwa vipande vyako vya jioni. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya Kijapani, inaitwa Ikiru, imeongozwa na Akira Kurosawa mwaka 1952. Mzee karani wa serikali anagundua ana kansa ya tumbo. Wakati huo huo kuna wanawake wa mtaa mmoja wanaoomba dimbwi la maji machafu lifukiwe, kila ofisi inawaambia nendeni ofisi ile. Yule mzee anaamua miezi aliyobaki nayo ataitumia kuhakikisha pale panafukiwa na kujengwa uwanja wa watoto kuchezea. Ni ndefu, na kwa kikundi itawachosha. Lakini nimefikiria masika ya Pasua na mitaro inayoziba, nikafikiria wanawake 22 wenye daftari na saini, wakienda pamoja kwa mtendaji wa mtaa.

Mweka hazina wenu mpeni haki yake, kwa sababu kuhusu marejesho yuko sahihi. Fedha za wanachama hazisubiri sinema. Siku ya filamu hesabu zianze saa tisa na nusu, zifungwe, sanduku lifungwe, ndipo shuka litundikwe, na asiyetaka kubaki aondoke kwa heshima. Saa moja na nusu muwe mmemaliza. Akisema hadithi za kubuni hazibadilishi mtu, mkumbushe Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, wenye yule dereva wa lori Mkwaju na maambukizi yake ya virusi vya UKIMWI. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia na Dodoma ambako miaka ya mwanzo haukurushwa, wakakuta waliousikia walizungumza zaidi na wenza wao habari za uzazi wa mpango na wakautumia zaidi. Siku mkitaka kutoka sebuleni na kuonyesha mtaa mzima uwanjani, msifanye kimya kimya. Pitieni kwa mtendaji na afisa utamaduni wawaelekeze taratibu za vibali.

Baba watoto sidhani kama ana ubaya. Anaona mkewe anarudi usiku na macho yaliyovimba na hakuna anayemwambia kulikuwa na nini, naye anauliza kwa utani kwa sababu hajui aulize vipi. Mweleze filamu moja, kwa ufupi, mezani. Usimweleze siri za wenzako, hizo zibaki sebuleni. Siku ya Queen of Katwe mwalikeni yeye na waume wengine, na mpe kazi ya kuleta waya wa kuunganishia umeme na spika, asije kama mgeni. Na kliniki ya wiki hii mwambie akusindikize, naye apimwe hapo hapo. Wanaume wa umri wake wengi hawajawahi kuvishwa kile kitambaa cha mkononi tangu wazaliwe.

Wasalimie kikoba chote.

Shangazi